Kamati ya Kupima Kina

Kwa furaha isiyo kifani, na baada ya mashauriano mapana yaliyowashirikisha wote waliokuwa na nafasi siku hiyo, Chuo Kikuu cha San Telmo kilitangaza kwamba mlango wake sasa uko wazi kwa wanafunzi wa vyuo vyote vya jamii vya Bonde la Kati la California. Tangazo lilisomwa mbele ya jengo la utawala. Bendi ilipiga. Na ili asitokee mtu wa kusema kwamba hayo ni maneno matupu, mlango wenyewe ulikuwepo.

Ulikuwa mlango wa mwaloni, mrefu wa kumtosha mtu aliyepanda farasi, umesimamishwa na fremu yake katikati ya uwanja wa majani, bila ukuta kushoto wala kulia. Mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili katika chuo cha jamii angepita hapo, angepigiwa makofi, na kuingia mwaka wa tatu wa shahada. Kwa kuwa mlango usio na ukuta una udhaifu wa kuzungukwa, chuo kiliajiri mlinzi wa kuzuia watu wasiuzunguke. Na kwa kuwa mlango ulio wazi hubamizwa na upepo, iliamriwa ufungwe kwa kufuli mpaka mwanafunzi wa kwanza apatikane.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Kufuli lilikuwa bado linang'aa.

Walimwengu hawakosi la kusema, na wapo waliosema mlango ule ni pambo. Hawakuwa wamesoma taarifa. Tatizo halikuwa mlango, tatizo lilikuwa kina. Kozi za vyuo vya jamii zilikuja na majina yaleyale ya kozi za Chuo Kikuu, vitabu vilevile, hata mitihani ileile, na mtu asiye makini angeweza kudhani ni kozi zilezile. Ndiyo maana kila idara ilipewa kamati ya kuchungulia chini ya jina, na Idara ya Masomo ya Siasa ikapewa iliyo hodari kuliko zote: Kamati ya Kupima Kina, chini ya Dokta Thornton Whitcomb, Naibu Msaidizi wa Makamu Mkuu anayeshughulikia Ulinganifu. Katika miaka sita kamati hiyo ilipima kozi kwa mamia, na haikuwahi kukuta hata moja inayofika kifuani.

Nereida Quintana alilisikia tangazo lile redioni, ndani ya gari la chakula la shangazi yake Consuelo, akiwa amezama viwiko ndani ya unga wa tamale, vile vifurushi vya mahindi vya kupikwa kwa mvuke. Aliliamini. Umri ule mtu anaweza.

Alikuwa na sababu zake. Kule kwao, pembeni mwa mashamba ya lozi, visima vilikuwa vimekauka, na watu walinunua maji ya chupa hata ya kupikia maharage. Bodi ya maji ya wilaya ilikutana mchana kweupe, saa ambazo kila mtu wa mtaa wao yuko shambani. Siku moja Nereida aliacha kazi akaenda. Alinyoosha mkono, akauliza maji yamekwenda wapi. Mwenyekiti wa bodi alimwambia amekiuka utaratibu. Akauliza, utaratibu ni upi? Akaambiwa kuuliza nako ni kukiuka utaratibu. Akatoka mle na uso umewaka moto, na kabla hajafika kwenye kituo cha basi alikuwa ameamua kwamba huo utaratibu atausomea mpaka shahada, kisha atarudi palepale, kwenye kiti kilekile.

Shangazi Consuelo hakufurahi. Kwake mtu alisomea uuguzi, au aliolewa na mwenye trekta.

"Siasa?" alisema, akimgeuza kuku kwenye sufuria. "Diwani wetu anaijua na hata sekondari hakumaliza. Wewe uende ukasomee uongo miaka minne, mwanangu, kwani huku wa bure hautoshi?"

Lakini alimpa ruhusa ya asubuhi. Basi asubuhi Nereida alikuwa darasani katika Chuo cha Jamii cha Mto Kavu, mchana garini, na msimu wa nyanya ukifika, kwenye kiwanda cha sosi, akinuka siki mpaka kwenye nywele. Miaka miwili ya masomo aliimaliza kwa sita. Kozi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kwanza, Utangulizi wa Masomo ya Siasa, iliyofundishwa ndani ya kibanda cha bati kilichowekwa juu ya matofali nyuma ya karakana. Mwalimu alikuwa Delbert Yamasaki, mtu mwembamba mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa mahali pengine. Wiki moja nzima aliwaigizisha baraza: huyu mwenyekiti, huyu karani, huyu mwananchi mwenye hasira. Na kila mwananchi mwenye hasira alipoanza kufoka, Yamasaki alimkatiza kwa sentensi ileile.

"Kabla hujabishana na wakubwa, wahesabu kwanza."

Walicheka. Nereida aliandika.

Mwezi wa sita, matokeo yote yakiwa mkononi, alikwenda San Telmo kuuliza kuhusu nafasi yake. Ofisi ya Uhamisho ilikuwa na milango miwili mizuri sana, lakini huduma ilitolewa dirishani. Nyuma ya kioo alikaa karani wa kamati, Bi. Darlene, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na roho isiyo na kinyongo na mtu.

"Kozi zako zote zimepita, dada," alisema. "Isipokuwa Utangulizi wa Masomo ya Siasa. Tathmini ya awali inaonesha haina kina."

"Nilipata A."

"Tuliona. Wajumbe waliguswa sana."

"Basi niirudie kule Mto Kavu."

"Hawatakuruhusu. Kule mtu harudii kozi aliyofaulu. Ungekuwa umefeli, mambo yako yangekuwa mazuri."

"Basi niisome hapa."

"Hapa husoma waliokubaliwa."

"Na ili nikubaliwe?"

"Lazima uwe umeisoma." Bi. Darlene alisogeza miwani, akatabasamu kwa fahari ya mtu anayeonesha saa iliyotengenezwa kwa mkono. "Unaona inavyoshikana? Waliifikiria."

Nereida akauliza hapa kozi hiyo inafundishwa na nani. Bi. Darlene akatazama kwenye kompyuta. Profesa Yamasaki, alisema, mzuri sana, wanafunzi wanampenda.

"Hata mimi alinifundisha Yamasaki."

"Majina hufanana."

"Delbert. Mwembamba. Kila semesta anachekesha kwa kile kisa cha seneta na mbuzi."

Bi. Darlene alirudia kuitazama kompyuta. Aliipenda haki, na alitafuta maelezo yatakayoitendea haki kamati. Mwishowe akayapata.

"Basi itakuwa kule anafika amechoka," alisema. "Kutoka hapa mpaka Mto Kavu ni mbali. Kina kinamwagika njiani."

Hapo ndipo Dokta Whitcomb mwenyewe alipopita nyuma ya kioo, na kikombe chake, na tai yake yenye nembo ya mlango. Alikuwa mtu mpole. Walioumizwa naye wote walikubaliana juu ya hilo. Alieleza kwamba yeye mwenyewe na wajumbe walikwenda Mto Kavu kukagua, na walikuta kozi inafundishwa ndani ya jengo lisilo na msingi. Waliinama wakaona. Je, kozi inaweza kuwa na kina kuliko jengo lake? Alisema kamati itakaa Ijumaa alasiri kutoa uamuzi wa mwisho.

"Orodha ya waliokubaliwa inafungwa Ijumaa saa kumi na moja," alisema Nereida. "Nikiikosa nafasi inapotea. Naomba kesi yangu iharakishwe."

"Kina hakipimwi kwa haraka, binti," alisema Dokta Whitcomb, na akaenda zake taratibu, akiishi maneno yake.

Nereida alimkuta Yamasaki kwenye maegesho, ameegemea gari lake, anakula tufaha. Buti lilikuwa wazi. Ofisi yake ilikuwa humo: sanduku la San Telmo, sanduku la Mto Kavu, na tai moja aliyoivaa huku na kuivua kule. Yamasaki alikuwa mhadhiri kibarua. Kila semesta alisubiri simu kutoka vyuo vyote viwili kujua kama bado yeye ni profesa.

Alikuwa ameshasikia. Si kusikia tu, alikuwa ameitwa.

"Wameniomba nije kama mtaalamu wa nje," alisema. "Niikague kozi yako."

"Nje ya wapi, mwalimu?"

"Nje yangu, nadhani." Alitupa mabaki ya tufaha. "Na Mto Kavu nao wameniomba nije kuitetea. Nitasema ukweli, Nereida, viti vyote viwili. Lakini usinitegemee sana. Mtu anayefanya kazi kutoka kwenye buti hana sauti ndefu."

Shangazi Consuelo, aliposimuliwa yote haya, alizima jiko. Aliosha mikono, akaifuta, akatangaza kwamba Ijumaa gari la chakula halitakwenda kiwandani, litakwenda San Telmo. Kama wanamkataa mtoto wake, alisema, watamkataa huku wakinusa tamale zake.

Ijumaa ilikuwa na jua la kukaanga mayai, lakini chumba cha kamati kilikuwa baridi kama bucha. Meza ilikuwa ndefu, yenye viti saba. Wajumbe walikuwa wameanza na sandwichi za bata mzinga. Nereida alipewa kiti cha plastiki ukutani, penye umma, na umma ulikuwa yeye.

Kikao kilifunguliwa kwa desturi ambayo Dokta Whitcomb aliipenda kuliko zote. Kanuni za kamati, alizozitunga yeye mwenyewe, zilisomwa kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kila kikao. Bi. Darlene alisoma. Alisoma vizuri, kwa mdundo, na wajumbe waliupokea usomaji kama watu wanavyoipokea mvua wakiwa ndani ya nyumba. Mmoja alifungua karatasi ya sandwichi yake. Mwingine alifumba macho. Profesa Abernathy, mtaalamu wa uchaguzi, alijibu ujumbe kwenye simu.

Nereida peke yake alisikiliza. Hakuwahi kusomewa utaratibu na mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Kule kwenye bodi ya maji ulikuwa siri. Alisikiliza kanuni ya akidi: kwamba kamati imetimia ikiwa na wajumbe wote saba, na mmoja wao awe mwanafunzi aliyehamia San Telmo kutoka chuo cha jamii, ili sauti ya wahamiaji isikike. Alisikiliza pia kanuni ya kufunga, ambayo Dokta Whitcomb aliitunga baada ya kuchoshwa na wajumbe waliochomoka mapema kuwahi magari yao: kwamba hakuna mjumbe atakayetoka, wala kikao hakitafungwa, ila kwa kura ya kamati iliyotimia, bila pingamizi hata moja.

"Asante, Darlene," alisema Dokta Whitcomb. "Kila mara nikizisikia najifunza kitu."

Kisha akaitwa mtaalamu wa nje. Yamasaki aliingia na tai, akakaa kwenye kiti chenye mto. Halafu akaitwa mwalimu wa Mto Kavu. Yamasaki akainuka, akavua tai, akahamia kwenye kiti kisicho na mto upande wa pili. Dokta Whitcomb, kwa ajili ya haki, aliomba mtaalamu amuulize mwalimu maswali.

Yamasaki akarudi kwenye mto, akavaa tai.

"Mwalimu," alikiambia kiti kitupu, "unatumia kitabu gani?"

Akavua tai, akavuka.

"Kilekile unachotumia wewe."

"Naomba mwalimu asimzoee mtaalamu," alisema Dokta Whitcomb.

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mtaalamu alitaka kujua mihadhara imeandaliwaje, na mwalimu akajibu kwamba ni nakala moja, inavuka barabara kuu naye kila asubuhi. Mtaalamu alitoa maoni kwamba kozi hizi mbili hazitofautiani hata kwa mzaha. Mwalimu aliafiki. Profesa Abernathy aliona makubaliano hayo yanatia shaka, akauliza kama mashahidi hawa wawili waliwahi kukutana kabla ya kikao. Yamasaki, akiwa ameshika tai mkononi katikati ya chumba, hakujua ajibu kutoka kiti kipi.

Dokta Whitcomb alimwokoa. Alisema kamati inamshukuru mtaalamu kwa uzito wa maoni yake, na kwa masikitiko haiwezi kuyategemea, kwa kuwa yanathibitishwa na mwalimu asiye na kina. Akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika chache kufika saa kumi na moja. Akasema ni wakati wa kura. Wanaokubali kwamba kozi ya Utangulizi iliyofundishwa kibandani haina kina, wanyooshe mikono.

Mikono ikainuka. Nereida alikuwa ameketi na mikono yake katikati ya magoti. Aliona miaka sita ikipanda na ile mikono, asubuhi zote na siki yote, na maneno ya mwananchi mwenye hasira yakamfika mdomoni. Aliyameza. Akawahesabu.

Walikuwa sita. Kiti cha saba kilibeba mikoba yao.

Alisimama.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti."

Chumba kiligeuka kumtazama. Dokta Whitcomb alisema kwa upole kwamba umma ulipewa dakika zake mwanzoni, na umma haukuzitumia.

"Hoja ya utaratibu haina dakika," alisema Nereida. "Nauliza tu kama mmetimia."

"Hapo yuko sawa," alisema mwanasheria wa kamati, Bwana Kessler, mdomo umejaa bata mzinga. "Anaweza kuuliza." Kisha akaacha kutafuna. Alikitazama kiti cha mikoba. Alimwomba Bi. Darlene arudie kanuni ya akidi, na Bi. Darlene akairudia, kwa mdundo uleule, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati chumba kizima kikaisikia.

"Tuna mwanafunzi aliyehama?" aliuliza Bwana Kessler.

"Hatujawahi kumkubali hata mmoja," alisema Dokta Whitcomb. "Hawana kina."

"Basi hatujatimia. Hatuwezi kupitisha kura."

"Leo."

"Tangu mwanzo, Thornton. Miaka yote sita. Hakuna kozi tuliyoikataa kihalali."

Dokta Whitcomb alikuwa mtu wa vitendo. Alisema vema, dosari imeonekana, afunge kikao sasa hivi, wakatafute huyo mjumbe wa saba kwa utulivu, baada ya likizo.

Bwana Kessler alifuta vidole kimoja kimoja.

"Kufunga kunahitaji kamati iliyotimia," alisema. "Kutoka pia."

"Kikao kilichopita tulikifungaje?"

"Hatukukifunga. Tulikwenda nyumbani tu."

Ilichukua muda jambo hilo kuwaingia. Kwa mujibu wa kanuni, kikao cha kwanza cha Kamati ya Kupima Kina, kilichofunguliwa kwa bendi miaka sita iliyopita, kilikuwa bado kinaendelea. Na cha pili, na vyote vilivyofuata, vimerundikana kimoja juu ya kingine kama sahani za karamu. Profesa Abernathy aliuliza kama kiangazi kilichopita alikuwa Ureno au alikuwa kikaoni. Mwanasheria akamwambia alikuwa kikaoni. Profesa akaomba ionekane kwenye kumbukumbu kwamba alikifurahia.

Nje ya dirisha, kwenye maegesho, lilionekana gari la kukokota magari limeanza kazi. Jioni hiyo palikuwa na mechi, na maegesho yalitakiwa yawe matupu ifikapo saa kumi na moja bila kujali cheo cha mtu. Uamuzi huo ulipitishwa na Kamati ya Maegesho, mwenyekiti akiwa Dokta Whitcomb. Gari lake la kijivu lilikuwa la tatu kwenye mstari.

"Ziko njia," alisema Dokta Whitcomb, akipoteza kidogo upole wake. "Kessler, lazima iwepo njia."

Ilikuwa Bi. Darlene aliyeitaja, kwa nia njema kabisa. Palikuwa na ile mamlaka ya dharura ya Mwenyekiti, alisema, ya kumkubali mwanafunzi kwa sahihi yake tu, bila kamati, bila kupima. Ilitumika mara kwa mara, kwa vijana ambao babu zao walikuwa wametoa majengo. Hao hawakupimwa kina, kwa sababu majengo ya babu zao yalikuwa na misingi.

Macho yote yakamwendea umma kwenye kiti chake cha plastiki. Dokta Whitcomb alimtazama Nereida, akalitazama gari la kukokota, akamtazama tena Nereida.

"Una babu?" aliuliza, kwa matumaini.

"Alichimba visima," alisema Nereida.

"Kina kipo," alisema Bwana Kessler upesi. "Weka sahihi."

Akaweka. Bi. Darlene alibonyeza kitufe, akatazama saa, akavuta pumzi. Saa kumi na moja ilikuwa bado haijagonga, na jina la Nereida Quintana lilikuwa kwenye orodha ya mwaka wa tatu, Masomo ya Siasa. Nereida aliliona kwenye kioo cha kompyuta, jina zima.

Ukabaki utaratibu mmoja. Mwanafunzi hakuhesabika kuwa amehama mpaka apite mlangoni. Nereida, kwa kuwa alikuwa bado si mjumbe, aliruhusiwa kutoka, na kamati nzima ikajazana dirishani kumtazama akivuka uwanja wa majani kuelekea kwenye mlango wa mwaloni. Walimwona akizungumza na mlinzi. Walimwona mlinzi akijipapasa mifuko, shati, suruali, kisha akiinua mikono kuelekea dirishani. Ufunguo haukuwepo. Kwa miaka sita hakuna aliyeuhitaji.

Dokta Whitcomb alifungua dirisha. Kwenye maegesho, gari la kwanza lilikuwa limeshainuliwa matairi ya mbele.

"Mwache azunguke," aliita.

Mlinzi alikuwa mtu wa kazi yake. Alijibu kwamba aliajiriwa kuzuia watu wasiuzunguke.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuajiri. Azunguke."

Basi mwanafunzi wa kwanza kuhamia Chuo Kikuu cha San Telmo aliuzunguka Mlango Wazi kwa upande wa kushoto, mlinzi akimfungulia njia kwa saluti. Bendi haikuwepo. Shangazi Consuelo, aliyeegesha gari lake chini ya dirisha la kamati, alipiga vifuniko viwili vya sufuria.

"Sasa usiniletee shahada bila mwanaume mwenye trekta," alipaza sauti, na akajifuta macho kwa aproni.

Nereida alirudi juu. Mikoba ilikuwa imeshaondolewa. Alikaa kwenye kiti cha saba, kiti chenye mto, na kamati ikawa imetimia kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Dokta Whitcomb hakupoteza nafasi hiyo. Alisema hoja iliyopo mezani ni kufunga vikao vyote, cha leo na vilivyotangulia, na akauliza kama kuna pingamizi, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshaushika ufunguo wa gari mfukoni.

"Lipo," alisema Nereida.

Mkono wa Dokta Whitcomb ukabaki mfukoni.

Nereida alieleza, taratibu, kama alivyofundishwa kibandani. Kama kura za miaka sita ni batili, basi wale wote waliokataliwa hawajakataliwa. Kesi zao bado ziko mezani. Angependa wajumbe wazisikilize, moja baada ya nyingine, kabla ya kwenda nyumbani. Bwana Kessler alitafuta kosa katika hilo, akakosa. Bi. Darlene alikwenda kwenye chumba cha pili, akarudi akisukuma toroli lililojaa majalada, kisha akaenda kuleta la pili. Yamasaki, ambaye hakuna aliyekumbuka kumruhusu aondoke, aliketi kwenye kiti cha plastiki na kukunja tai yake vizuri.

"Watu hapa wana familia," alisema Dokta Whitcomb. "Wana chakula cha jioni."

"Chakula kipo chini ya dirisha," alisema Nereida. "Kina hakipimwi kwa haraka, Dokta."

Sandwichi zilikuwa zimekwisha. Harufu ya tamale ilipanda mpaka mezani, na wajumbe wakaanza kuagiza kwa kuteremsha mkoba wa Profesa Abernathy kwa kamba ya pazia. Sauti ya Shangazi Consuelo ilisikika ikiwaambia wapange foleni, huduma ni dirishani, na asiyejua anachotaka asimcheleweshee mwenzake. Nje, gari la kijivu liliondoka likitazama nyuma.

Bi. Darlene alifungua jalada la kwanza. Alikuwa ameanza kusoma jina la mwombaji pale Dokta Whitcomb aliponyoosha mkono, kwanza nusu, kisha mzima, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutoka kidogo. Chooni tu.

Wote wakamtazama mwanasheria. Mwanasheria akazitazama kanuni.

"Kwa kura," alisema Bwana Kessler. "Bila pingamizi hata moja."

Nereida akawahesabu kwanza.